Fundi Yoramu Hafi Katika Hadithi Hii

TANGAZO RASMI. Kwa mujibu wa Sheria ya Onyo, kifungu cha kwanza hadi cha mwisho, na kwa idhini ya mashine ya Mpiga Mbiu iliyomo katika maktaba ya Sekondari ya Wasichana ya Mwisho-wa-Waya, umma wote wa wasomaji unajulishwa kwamba hadithi hii imekaguliwa, imepimwa, imepigwa muhuri mweupe, na imeonekana haina kifo cha mhusika yeyote, mkubwa kwa mdogo, wa duniani wala wa angani. Msomaji na avae utepe wake asome kwa amani, hata kama ana presha, mimba changa au mtihani wa hesabu kesho.

Kuku wawili wa Jumapili hawahesabiwi. Wao waliandikiwa wali tangu wakiwa mayai.

Mwandishi wa taarifa hii ana akili timamu, hana upande, na hamjui Tusekile Mwasyeba zaidi ya anavyowajua watu wa Zohali. Hakuwahi kulala naye bweni moja. Habari zote amezipata kwa uchunguzi wa kina, na pale uchunguzi ulipokwama, kwa kutega sikio mlangoni.

*

Huyo Tusekile alikuwa Kidato cha Tatu, bweni la Kitulo, kitanda cha juu karibu na dirisha lisilofungika. Shule yenyewe ilijengwa pale ambapo waya unaobeba magari ya abiria angani unaishia, ubavuni mwa mlima Rungwe, na mvua ya huko haifuati ratiba ya mtu. Msichana huyo alijulikana kwa mambo mawili.

La kwanza ni mbuzi. Asubuhi moja ya paredi, mkuu wa shule, Mwalimu Kasyupa, akiwa katikati ya hotuba juu ya nidhamu, spika ilianza kulia kama mbuzi, na kila alipolitamka neno nidhamu, mbuzi aliitikia. Mwalimu Kasyupa alisimamisha paredi akatuma viranja wamsake mnyama huyo nyuma ya jukwaa. Viranja wawili walirudi wakiapa kwamba wamemwona, na kwamba alikuwa mweusi.

La pili ni kalamu yake. Na ili kuelewa hatari ya kalamu hiyo, lazima kwanza uelewe utepe.

Utepe ni mwembamba kama kamba ya kiatu. Unaufunga kwenye paji la uso, unafungua hadithi, na baada ya mistari miwili mitatu maneno yanajiondokea, anabaki mtu. Unamwona hadi vinyweleo vya mikono. Unasikia harufu ya shati lake. Kichwa chako kinajua kwamba mtu huyo ametungwa, lakini moyo haujapata habari hiyo, na mafundi wote waliojaribu kuufahamisha wameshindwa. Ndiyo maana miaka kumi na miwili nyuma, kabla ya Sheria, mwendeshaji mmoja wa magari ya waya alisoma kifo cha bibi harusi wa kutungwa akiwa zamu. Akazima mtambo, akakaa sakafuni, akalia. Abiria tisini walining'inia juu ya mashamba ya chai kwa saa tano, wakimsubiri amalize msiba wa mtu ambaye hajawahi kuzaliwa.

Bunge likatunga sheria upesi kuliko lilivyowahi kutunga chochote. Tangu hapo, hadithi yoyote yenye kifo hutanguliwa na ukurasa mweusi, na ukurasa huo una milango mitatu: Endelea. Acha. Niambie kwanza ni nani. Msomaji anachagua mwenyewe. Hakuna anayemsukuma.

Anayeamua hadithi ipi ipate ukurasa mweusi na ipi ipate muhuri mweupe ni Mpiga Mbiu. Mwanzoni mashine hiyo ilisoma maneno, na waandishi wa nchi hii wakaishinda ndani ya wiki moja, kwa kuwa hakuna watu duniani wanaojua kukizungumzia kifo bila kukitaja kama sisi. Kwa hiyo ikabadilishwa. Siku hizi mwandishi huandika akiwa amevaa utepe, na utepe huo hunakili mapigo ya moyo wake pembeni ya kila aya. Mpiga Mbiu haisomi tena maneno, inasoma mapigo. Mwandishi akimuua mtu, moyo wake unajua, hata akimuua kwa lugha laini kiasi gani, na mashine inauona moyo ukijua.

Ilikuwa kinga nzuri kabisa. Walioibuni hawakuwahi kukutana na mbuzi.

*

Wasichana wa Mwisho-wa-Waya waliipenda tamthilia iitwayo Mabaharia wa Zohali, kama nchi nzima ilivyoipenda. Lakini zaidi ya matoleo ya Ijumaa waliyapenda matoleo yao wenyewe, waliyoyaandika wao kwa wao, wakiwaazima kapteni na wafanyakazi wa chombo na kuwapeleka kule ambako wenye tamthilia hawakuthubutu. Hawakuthubutu kwa sababu nzito: wenye tamthilia waliuza pia majani ya chai, na picha ya Fundi Yoramu ilikuwa kwenye kila pakiti. Mtu aliye kwenye pakiti haumwi hata mafua.

Fundi Yoramu ndiye aliyekuwa roho ya chombo. Aliitengeneza injini kwa kuigonga na spana huku akiitukana kwa Kinyakyusa, na glasi yake ya chai aliipashia moto juu ya bomba la moshi. Hakuwahi kuimaliza ikiwa bado ya moto, maana daima kulikuwa na kitu kinachovuja. Wasichana mia nne walimpenda kama mjomba.

Tusekile akaamua kumuua.

Hakuwa na chuki naye. Alikuwa na hoja, na aliitetea hadi wenzake wakaanza kumkimbia kwenye foleni ya makande. Ukurasa mweusi, alidai, ni kama mtu anayekutegulia kitendawili kabla hajakitega. Kifo cha kweli hakibishi hodi, sasa kwa nini kifo cha hadithini kipige kwanza honi? Alitaka, mara moja tu katika maisha yake, bweni zima limpoteze mtu bila kuonywa. Muhula ulikuwa unakaribia kwisha, na Jumamosi moja, wiki chache kabla ya kufunga, kila bweni lilisoma hadithi moja kwa pamoja. Bweni la Kitulo lilikuwa limemchagua yeye.

Kwa wiki tatu alijizoeza. Alijifungia stoo ya mafagio na utepe wake, akimfikiria mbuzi. Kila alipoliandika neno zito alimleta mbuzi akalia, akamleta Mwalimu Kasyupa akainua kidole, akawaleta viranja wakiapa kwamba alikuwa mweusi. Kufikia wiki ya tatu aliweza kuandika chochote huku tumbo likimtetema kwa kicheko. Hivyo ndivyo Fundi Yoramu alivyoingia kwenye bomba la mvuke kufunga koki, akafunga, asitoke. Na glasi yake ikabaki pale juu ya bomba la moshi, bado ya moto. Mpiga Mbiu ilipima mapigo, ikakuta furaha tupu mwanzo hadi mwisho, ikagonga muhuri mweupe.

Mwandishi wa taarifa hii anakiri kwamba ulikuwa ujanja mkubwa. Anasema hivyo kama mtu baki.

Kwenye kitanda cha chini ya kile cha Tusekile alilala Subilaga Mwaipopo, aliyehamia shuleni hapo Januari. Alikuwa msichana mwenye sauti ndogo na mwandiko mkubwa, na alimpenda Fundi Yoramu kuliko mtu yeyote bwenini. Alisoma hadithi zenye muhuri mweupe tu. Kila mara, kabla ya kufunga utepe, aliuliza swali lilelile, na wasichana walishazoea kumjibu bila kuinua kichwa. Jumamosi ile, baada ya makande, alimwuliza Tusekile.

"Muhuri gani, Tuse?"

"Mweupe," Tusekile alimwambia. "Fungua ujionee."

Akafungua, akauona, akafunga utepe.

Wasichana arobaini walisoma kimya. Kisha kwikwi ya kwanza ikatoka kona ya mlangoni, ikafuatwa na ya pili, na muda si mrefu bweni zima lilikuwa linalia kile kilio kitamu ambacho mtu akimaliza hunawa uso na kuomba kusoma tena. Tusekile, kitandani juu, aliwasikiliza kama kapteni anayehesabu mabaharia wake. Alikuwa amefaulu.

Subilaga peke yake hakulia. Tusekile alipoinamisha kichwa kumtazama, alimwona ameurudisha ukurasa mwanzo, anasoma upya, polepole, kidole kikifuata mistari. Alipofika mwisho akaanza tena. Ilimchukua Tusekile muda kuelewa kwamba alikuwa anatafuta mahali alipoambiwa. Alikuwa na hakika kwamba mahali hapo papo, kwamba yeye ndiye aliyeparuka.

Mwishowe alivua utepe, akaukunja.

"Uliniambia mweupe," alisema, akatoka nje kwenye mvua.

*

Kwa siku tatu Subilaga hakula kitu cha maana. Siku ya nne alianguka katika kipindi cha fizikia, na huko kwenye chumba cha wagonjwa akamsimulia metroni yaliyompata. Ujanja ukajulikana, Mwalimu Kasyupa akasema maneno mengi yenye neno nidhamu ndani yake, na kwa mara ya kwanza hakuna mbuzi aliyeitikia. Tusekile akapewa adhabu ya kuosha vikombe katika chumba cha metroni kila asubuhi, hadi shule ifungwe.

Adhabu yenyewe haikuwa vikombe. Adhabu ilikuwa ni kwamba Metroni Syabumi, akiwa anakunja mashuka, alimsimulia kwa nini.

Mwaka uliopita, kwenye shule yake ya zamani, Subilaga alifuatwa na mjomba wake, Asegelile. Aliambiwa mama yake amelazwa, hali siyo mbaya, ila amemkumbuka. Basi njiani Subilaga aliimba. Gari la waya lilikuwa tupu, mabonde yalikuwa yanang'aa, alikuwa anatoroka mtihani wa jiografia. Aliimba nyimbo zote za kwaya alizozijua, na mjomba wake akamwitikia sauti ya pili. Saa nne nzima waliimba. Kituo cha mwisho alinunua maparachichi mawili ya mama. Alipokata kona ya nyumbani akaona turubai na viti. Hajamsamehe mtu yeyote tangu siku ile, alisema Metroni, na wa kwanza asiyesamehewa ni yeye mwenyewe, kwa kuimba.

Tusekile aliosha kikombe kimoja mara nne.

Na vikombe vile vilikuwa na habari zake. Shule nzima ilijua. Chai ya Mwisho-wa-Waya ilikuwa ya rangi siku zote, asubuhi na jioni, sikukuu na siku ya ukaguzi. Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo mwanafunzi alipewa chai ya maziwa, nayo ni kwenye kiti cha kamba katika chumba cha metroni, akiwa ameitwa kutoka darasani. Akishapewa aliambiwa anahitajika nyumbani, fulani hajisikii vizuri, nguo za kubadilisha zinatosha mbili. Hakuna aliyetaja kitu. Maziwa yalimwambia kwamba kuna kifo. Hayakumwambia cha nani. Hilo alilibeba njia nzima, akiwapanga watu wake mstari mmoja na kumuua kila mmoja kwa zamu kichwani, hadi afike. Vikombe hivyo, Tusekile aligundua, havikurudi vitupu hata siku moja. Vilirudi nusu, na ngozi ya maziwa juu.

*

Jumanne, saa nne asubuhi, simu ya ukutani iliita. Sauti ya Mwalimu Kasyupa ilijaza chumba kabla Metroni hajaipunguza, na Tusekile, mikono ndani ya povu, alisikia vya kutosha. Bibi yake Subilaga, Bibi Tupokigwe, yule aliyemchukua baada ya mama, alikuwa amefariki alfajiri. Mdogo wake Subilaga, Ngao, yuko kwa jirani. Mjomba yuko kwenye gari la waya, atafika ndani ya nusu saa. Taratibu ni zilezile.

Metroni aliweka simu. Kisha akamwambia Tusekile achemshe maziwa.

Tusekile hakuyachemsha papo hapo. Alisimama na sufuria mkononi, akauliza, kwa adabu zote alizofundishwa na nyingine alizobuni hapohapo, kama si kweli kwamba mtu aliyedanganywa mara moja kwa namna hiyo hatakiwi kudanganywa tena.

Metroni hakukasirika. Hilo ndilo lililomtisha Tusekile. Alikuwa mwanamke mpana, mtaratibu, aliyewapokea wasichana kwa miaka ishirini na kuwasindikiza wengi wao kwenye kiti kile, na alijibu kama mtu ambaye swali hilo amelala nalo.

"Miaka tisa iliyopita nilimwambia mtoto mmoja ukweli, hapohapo. Nilidhani namheshimu. Gari likamchukua peke yake, saa sita njiani. Walipompokea alikuwa amevua viatu, anagonga vioo. Hakukuwa na wa kumshika." Alinyoosha shuka ambalo lilikuwa limenyooka tayari. "Msiba unataka mikono, mwanangu. Mtu hapewi msiba barabarani. Anapewa akifika, watu wamekaa, wanamsubiri. Mimi nina chai tu."

Tusekile alisema leo mikono ipo, mjomba anakuja.

"Mjomba yuleyule aliyeimba," Metroni alisema. "Na wewe, kati ya watu wote wa dunia hii, ndiye wa mwisho wa kufungua mdomo mbele ya yule mtoto. Nakukataza kumwambia. Umesikia?"

Tusekile alisikia, akabandika sufuria jikoni. Alikubali hata kwamba ni kweli, yeye ndiye wa mwisho. Lakini alikuwa pia mtu pekee shuleni hapo aliyewahi kumnyang'anya Subilaga ukurasa mweusi, na wakati maziwa yanaanza kutokota alijikuta ameshaamua, bila mzaha wowote, jambo ambalo kwake lilikuwa geni. Alichukua pakiti tupu ya majani ya chai, akaichana, akaifungua. Upande wa nje Fundi Yoramu alikuwa anatabasamu na spana yake. Upande wa ndani ulikuwa mweupe. Akapitisha kidole chini ya sufuria nyingine, akaupaka masizi upande huo wote hadi ukawa mweusi, kisha kwa ukucha akakwaruza mistari mitatu ya maneno.

Metroni alimtazama muda wote huo. Maziwa yalipanda, yakafurika, yakaungulia jikoni, na wote wawili hawakuyajali.

"Nimekukataza kumwambia," Metroni alirudia.

"Simwambii, Metroni. Namwuliza."

Metroni aliitazama karatasi. Aliutazama mlango. Bakuli la sukari lilikuwa mezani, limejaa hadi mdomoni.

"Naenda kutafuta sukari," alisema, akapita nyuma ya pazia.

Subilaga aliingia na kalamu bado mkononi. Aliviona vitu kwa mpangilio: kiti cha kamba, kikombe, rangi ya chai. Uso wake ulijifunga. Alikaa kama mtu anayeijua njia, na Tusekile aliweza kuona, kabisa kana kwamba amefunga utepe, jinsi alivyoanza kuwapanga watu wake mstari.

Tusekile aliweka karatasi magotini pake.

"Subilaga, una ukurasa mweusi."

Subilaga alisoma. Endelea. Acha. Niambie kwanza ni nani. Mvua ilipiga mabati. Alisoma tena, na safari hii hakuwa anatafuta mahali alipoambiwa, maana palikuwa hapohapo chini ya macho yake. Kisha akaweka kidole kwenye mstari wa tatu, na masizi yakamshika.

Tusekile alikuwa na njia tisa za kukisema kifo bila kukitaja. Amelala, ametutoka, ametangulia. Zile zilizoishinda mashine ndani ya wiki moja. Zote zilikuja kinywani kwa pamoja. Aliziacha zipite.

"Bibi yako. Bibi Tupokigwe. Amekufa leo alfajiri."

"Na Ngao?"

"Ngao mzima. Yuko kwa jirani."

Subilaga alilia. Hakikuwa kilio cha Jumamosi. Hiki hakikuwa na utamu wowote, na Metroni alitoka nyuma ya pazia bila sukari, akapiga magoti na mwili wake wote mpana, akamshika. Tusekile alisimama na taulo la vikombe, hajui mikono yake ni ya nani.

Baada ya muda mrefu Subilaga aliinua uso kutoka begani mwa Metroni.

"Ulipokuwa unamuua Fundi Yoramu, ni kweli ulikuwa unacheka?"

"Ndiyo."

"Na sasa hivi?"

"Nimemwita mbuzi," Tusekile alisema. "Amekataa kuja."

Subilaga alimtazama kwa macho mekundu, akalipima jibu hilo, na mwandishi asiye na upande hawezi kusema kwamba alimsamehe. Alichofanya ni kuchukua kikombe, kwa mikono miwili, akanywa.

Mjomba Asegelile alifika akiwa ameshaanza uchangamfu tangu getini. Alisikika akitania na mlinzi, akibisha hodi kwa mdundo, na alipoingia alikuwa tayari ana tabasamu na sentensi: bibi ana mafua kidogo, unajua wazee na baridi hii.

"Mjomba," Subilaga alisema. "Najua. Kaa kwanza, unywe chai."

Sentensi ilimfia mdomoni. Alivua kofia, akatafuta mahali pa kuiweka, akakosa. Akakaa. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na ikawa Subilaga ndiye aliyeinuka kwenda kumshika, mtu mzima yule, aliyekuwa amebeba misiba miwili kwenye waya uleule peke yake, na wa kwanza akauimbia saa nne asije akaangusha.

Waliondoka pamoja. Tusekile aliliangalia gari kutoka dirisha la jiko hadi ukungu ulipolimeza. Ndani yake vilionekana vichwa viwili, vimeegemeana.

Kisha akageukia vikombe. Cha Subilaga kilikuwa kitupu.

*

Hapa ndipo taarifa ilipopaswa kuisha, mwandishi akainama na kuondoka huku akisifiwa kwa kutokuwa na upande. Lakini Mpiga Mbiu imeirudisha.

Ilikuwa imeshagonga muhuri mweupe mwanzoni, kwa kuwa kurasa za kwanza zilipelekwa peke yake, na zilikuwa na mapigo mazuri: mbuzi, viranja, abiria tisini wakining'inia. Mwandishi alikuwa anacheka kwa dhati. Kisha mashine ikapelekewa zilizobaki, na kwenye aya ya kikombe kitupu imekuta moyo unaofanya kitu ambacho moyo wa mtu baki haufanyi. Imeandika pembeni, kwa ile lugha yake kavu: mapigo haya ni ya mtu aliyekuwepo.

Imenibana. Tusekile ni mimi.

Nilimjua vizuri tu. Nililala kitanda chake. Na si mashine peke yake. Subilaga amerudi kutoka mazishini, amesimama hapa mlangoni na utepe mkononi, hajaufunga. Ameuliza muhuri gani. Nimefungua mdomo kusema mweupe, kwa mazoea, nikaufunga.

Kwa sheria, muhuri ukishagongwa haufutiki; hurekebishwa kwa chini, na aliyedanganya huandika marekebisho kwa mkono wake. Basi haya hapa. Tangazo lile la juu ni la uongo, na kichwa cha hadithi pia. Katika hadithi hii Fundi Yoramu anakufa, kwenye bomba la mvuke, kwa mkono wangu. Katika hadithi hii anakufa Bibi Tupokigwe, ambaye hakutungwa na mtu, siku ya Jumanne, kabla maziwa hayajachemka. Wewe uliyefika hapa bila kuulizwa unataka mlango upi, nisamehe. Nilijua, nikakuacha uimbe.

Nao kuku walikuwa watatu.